Uzi Wenye Mafundo Mawili

Mbekenyera, Ruangwa
20 Oktoba 1951

Kwa shemeji yangu Mikidadi,

Assalamu alaikum. Sisi huku tunapumua bila taabu, ila mama anakohoa kidogo jioni, na mkeo Zaina tumbo limekuwa kubwa, hawezi tena kuinama kufagia. Anakusalimu na anauliza kama shati la kahawia lilikufikia. Wewe je, na wenzako wa karakana, mnaendeleaje?

Shemeji, nimefanya jambo na sasa nahitaji mikono yako. Zile mali za mradi wa karanga zilizouzwa huko kwenu mwezi uliopita, nami nilikuwemo. Nilikuja na kurudi kimya kimya, nikiogopa ungenizuia. Nimenunua pikapu ya tani moja. Injini ni nzima. Taabu yake ni ufupi. Wenye mradi walikuwa wakiliendesha gari hili kwenye barabara zao zilizosawazishwa na matrekta. Barabara yetu unaijua, ina mifereji miwili ya magurudumu na tuta la majani katikati. Tumbo la gari linalikalia tuta hilo kama kuku anayeatamia. Nimesukumwa mara nne kabla hata mvua haijanyesha. Ikianza, lile korongo la kabla ya Ruangwa litalimeza kabisa.

Naomba ulinyanyue na ulitilie matairi makubwa ya magari ya jeshi. Fedha zote zimeishia kwenye gari lenyewe. Kilichobaki ni magunia mawili ya ufuta na jina lako.

Mama ana neno lake. Anasema gari lisiwe la ufuta tu. Anakumbuka masika iliyopita, jirani yetu Salimu alivyombeba mkewe kwa machela siku mbili kutafuta hospitali, akafika naye amekwisha kufa. Mama anasema, "Mwambieni fundi, gari la watu."

Nitalileta mwenyewe Jumatano.

Shemeji yako,
Yunusi

*

Nachingwea
2 Novemba 1951

Kwa shemeji Yunusi,

Wa alaikumu salaam. Namshukuru Mungu, mimi ni mzima, na shati nililipata. Mpe Zaina pole ya uzito. Mama mkwe mfikishie heshima zangu kwa njia inayofaa.

Tangu uliponiachia gari nimelipima lote na kuandika katika daftari langu, lile unalolicheka. Tumbo liko inchi tisa kutoka ardhini. Nitalifikisha inchi kumi na sita, kwa namna hii.

Matairi nimeyapata, ni ya jeshi, yenye meno, yameshatumika lakini si vipara. Yanaingia kwenye ringi zako zilezile. Hayo peke yake yanatupa inchi tatu. Inchi nne zilizobaki lazima zitoke kwenye springi, la sivyo matairi yatakula madigadi yanayoyafunika kila unapokata kona. Nyuma nitaweka matofali ya chuma kati ya springi na ekseli. Mwenzangu Augustino alisema nitumie mpingo, maana ni mgumu na haununuliwi. Nimekataa. Mti unapasuka, na mtu yuko juu yake. Nimekata matofali kutoka viungo vya mnyororo wa trekta lililokufa. Mbele siweki matofali, kwa sababu ukifunga breki kwa nguvu ekseli itajipinda; mbele naongeza mabamba mawili ya springi kutoka lori bovu. Mipira ya breki nitabadilisha, ile ya zamani ni mifupi na itakatika gari likiinuka.

Msimamizi wetu ameniruhusu kuchukua chuma chakavu. Ufuta wako umetosha kuwalipa vijana wawili wa kusaidia kunyanyua na mtu wa kuchomelea. Mimi sitaki kitu.

Jambo moja ujue. Gari lililoinuliwa linayumba. Usikate kona kwa haraka, na mzigo mzito ukae chini. Nitalijaribu na magunia kumi na mawili ya mchanga kabla hujalichukua.

Shemeji yako,
Mikidadi

*

Mbekenyera
9 Desemba 1951

Kwa shemeji Mikidadi, fundi wa mafundi,

Assalamu alaikum. Tuko salama, mvua imeanza, mama amepata nafuu ya kikohozi, Zaina analala kiubavu na kulalamika. Wewe hujambo?

Shemeji, korongo limevukwa. Nilisimama ukingoni nikasoma dua, nikatia gia, na nilipofungua macho nilikuwa upande wa pili. Walioona wanasema sikuyafumba, lakini mimi ndiye niliyekuwa ndani. Tuta la katikati silisikii tena. Mbuzi wanapita chini ya gari bila kuinamisha pembe. Watu wa Chinongwe walikuja kulitazama wakauliza kama ni la serikali. Nikawaambia ni la shemeji yangu aliyefika darasa la kumi, ambaye hata akila ugali huandika ameanza saa ngapi.

Sasa malalamiko, na yote yanatoka kwa wanawake. Hawawezi kulipanda. Ile sakafu ya nyuma inawafika kifuani. Jirani yetu Sabaha alijaribu kwenda nalo sokoni Ruangwa, ikabidi asukumwe kwa bega na mwanamume asiye wake, kanga ikapanda, watu wakatazama pembeni. Tangu siku hiyo wanatembea kwa miguu na gari likiwapita na ufuta. Mama alisimama nyuma yake, akapima kwa mkono, akasema, "Amemjengea twiga." Anaomba ngazi. Hata ya hatua moja.

Utupigie hiyo ngazi, shemeji. Bomba moja tu na bolti mbili.

Shemeji yako,
Yunusi

*

Nachingwea
18 Desemba 1951

Kwa shemeji Yunusi,

Wa alaikumu salaam. Mimi mzima. Nimefurahi kuhusu korongo.

Ngazi haitawezekana kwa sasa. Chuma chakavu kimekwisha, na msimamizi amebana. Tena kitu kinachoning'inia nyuma kitakwama kwenye mawe. Kwa muda huu wapindulie kinu, wakanyage hapo. Kinu kina futi moja na nusu, kinatosha.

Nitakuja mtoto akitimiza siku arobaini, Mungu akijalia.

Shemeji yako,
Mikidadi

*

Mbekenyera
8 Juni 1952

Kwa shemeji Mikidadi,

Assalamu alaikum. Hii ni barua ya tatu tangu Machi, na mbili za kwanza hukuzijibu. Kwanza nikadhani posta imezipoteza. Halafu mtu wa Nanganga aliyepita karakanani kwenu akasema alikukuta mzima, unakula muhindi wa kuchoma. Basi naandika tena.

Mama amerudi nyumbani tangu mwezi uliopita. Lile paja lililovunjika limeunga, ila limeunga fupi. Anatembea kwa mkongojo na anatugombeza kama zamani, kwa hiyo najua ni mzima. Kichomi kilichomfanya apelekwe hospitali siku ile kimekwisha kabisa. Mwanao anakaa mwenyewe, ana masikio yako.

Shemeji, labda unaona haya kwa sababu mama alianguka mbele yako ulipokuja kwa arobaini ya mtoto. Acha. Mimi sikuwepo, nilikuwa msibani Chinongwe na wanaume wengi wa hapa, lakini Sabaha amesimulia kwa watu wote. Anasema mama alikuwa hoi kwa homa, Zaina alikuwa na kichanga mgongoni, mwanamume ulikuwa wewe peke yako. Wakapindua kinu nyuma ya gari. Mama akapanda juu yake, Sabaha akimshika kiuno, ardhi ilikuwa imelowa, kinu kikateleza. Na wewe ulikuwa umesimama hatua mbili, uso umeugeuza kama inavyompasa mkwe, hukumtazama mama mkwe wako wala hukumgusa, mpaka wakaja wazee watatu kutoka shambani wakampakia na kitanda chake. Ndipo ukaendesha mpaka Nachingwea bila kusimama.

Wazee wamekusifu. Mjomba Kaimu, kaka yake mama, alisema msikitini kwamba siku hizi vijana waliosoma hawajui haya ya mkwe, ila huyu wetu anaijua hata katika shida. Watu wanawatajia watoto wao jina lako.

Zaina anauliza unakuja lini. Hasemi zaidi ya hapo, lakini shati lako la kahawia, lile uliloliacha, amelifua mara tatu, liko kwenye kamba na hakuna anayelivaa.

Shemeji yako,
Yunusi

*

Nachingwea
6 Julai 1952

Kwa shemeji Yunusi,

Wa alaikumu salaam. Nina afya. Barua zako zote tatu ninazo, ziko ndani ya daftari langu, kila moja kwenye tarehe yake. Sikuzijibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuta naandika uongo.

Hii ya tatu ndiyo imenishinda. Kama mngenilaumu ningeweza kukaa na lawama. Sifa siwezi. 

Nitaandika kwa mpangilio, kama ninavyojua.

Kwanza, chuma hakikuwa kimekwisha. Nakunukulia daftari langu la tarehe 17 Desemba, siku moja kabla ya kukujibu: "Yunusi ataka ngazi. Bomba lipo nyuma ya karakana, latosha ngazi mbili. Sitaweka. Ngazi itashuka mpaka inchi kumi kutoka chini, na gari litapoteza ile kumi na sita. Tena umbo litaharibika." Ndivyo nilivyoandika kwa mkono wangu, bila haya, kwa wino. Wakati ule mafundi wote walikuwa wakilitaja gari lako katika mazungumzo yao. Inchi kumi na sita ilikuwa kama cheo changu. Sikutaka mtu aje aseme ni kumi. Nikakuandikia msimamizi amebana. Hakubana. Hata sikumwomba.

Pili, kinu. Nilisema mkipindue kama mtu anayesema jambo dogo. Zaina aliniambia baadaye kwamba mama hakutaka kukikanyaga, kwa kuwa ni chombo cha chakula, na kwamba alikiomba radhi kwa Kimwera kabla hajaweka mguu. Mimi nilikipima urefu wa futi moja na nusu. Sikupima kwamba kitako chake ni cha mviringo na udongo wa Februari ni utelezi. Nimepima gari lile mara ishirini na tatu, zimo zote daftarini. Sikupima goti la mtu hata mara moja, na mama alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba ni gari la watu.

Tatu, ndilo linalonifanya nisije. Sabaha amesema niligeuza uso. Mwanzo niligeuza, ni kweli. Lakini nilisikia kinu kikikwaruza, nikageuka, nikamwona mama anakuja nyuma, upande wangu. Mkono wangu ulitoka. Ulikuwa karibu kufika. Nikaurudisha.

Nimejiuliza miezi minne kwa nini niliurudisha. Watu wanasema ni adabu, na ningependa iwe hivyo. Lakini nilimwona Sabaha ananitazama, na nilichowaza ni kwamba atanitangaza kijiji kizima, fundi aliyemkumbatia mkwewe. Nilijiwazia mimi. Mama alipofika chini nilisikia mfupa. Nilikuwa nimejifunza kutambua chuma kinachokatika kwa sauti, na ile niliitambua vilevile.

Nyuma ya nyumba yenu kuna kichuguu. Nilikwenda kukipima jioni ile kabla sijaendesha, sijui kwa nini, wakati wazee wanafunga kitanda. Kina futi mbili na nusu. Kiko hatua kumi na tano kutoka mahali nilipoegesha gari. Ningelirudisha nyuma mpaka pale, angepanda kama anayeingia mlangoni.

Mama alipokuwa hospitali hapa, nilimpelekea uji na samaki kila siku kwa mkono wa mke wa Augustino. Sikukanyaga wodini. Kila mtu alielewa, mkwe haingii anapolala mama mkwe. Adabu ilinipa mahali pa kujificha, nami nikajificha wiki kumi.

Zaina mwambie shati alitoe kwenye kamba. Mwambie pia haya yote, au umsomee. Ukiona ni haki aniache, sitaleta ubishi. Ninachoomba ni kimoja: mwambie Mjomba Kaimu aache kunitaja.

Mikidadi

*

Mbekenyera
3 Agosti 1952

Kwa shemeji Mikidadi,

Assalamu alaikum. Hukutia sahihi kama shemeji, ila mimi nakuita hivyo, kwa kuwa hakuna aliyekufuta. Mwanao hajambo, ameota jino. Zaina nitamfikia.

Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikalipiga teke tairi. Tairi lako zuri halikusikia kitu, mimi ndiye niliyechechemea siku mbili, mama akaniuliza kama namwiga. Nilikasirika kwa lile la chuma. Ningekasirika zaidi kama nisingekumbuka kwamba mimi nina shoka na msumeno, na kutoka Desemba mpaka Februari nilisomba ufuta kwa gari lile bila hata kupigilia gogo moja kwa ajili ya mama yangu mzazi. Nilingoja fundi. Basi tugawane, sehemu yako kubwa, yangu si ndogo.

Siku ya tatu nilimsomea mama. Zaina alikuwepo, na Mjomba Kaimu nilimwita makusudi. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua kunde. Halafu akasema kwa Kimwera, na akanitaka niandike kama alivyosema. Nageuza kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza:

"Mwambie mkono niliuona. Ulitoka, ukarudi. Miezi yote hii Sabaha anasimulia uso uliogeuka, na mimi nimenyamaza, nikingoja mwenye mkono aseme mwenyewe. Amekawia, lakini amesema.

"Mwambie angenishika ningemkasirikia mwezi mzima. Ningemkasirikia nikiwa na miguu miwili iliyo sawa.

"Mwambie mimi nami nilikiona kile kichuguu. Ninaishi hapa tangu nizaliwe. Lakini ningemwambiaje, na mama mkwe hasemi na mkwe? Ningeweza kumwambia Zaina amwambie. Nikaona haya kumfundisha gari mtu wa magari. Kwa hiyo tulikuwa wawili pale, kila mmoja anaona haya yake, na gari refu katikati yetu."

Mjomba Kaimu hakupenda. Alisema haya ya mkwe si mchezo, imetoka kwa wazee. Mama akamwambia, "Wazee hao walikuwa wanapanda nini, kaka, zaidi ya mti?" Zaina akacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu Februari. Mwishowe wamekubaliana kwamba pako mahali ambapo haya hii hufunguliwa, kwa kuku mmoja anayeliwa na mama mkwe na mkwe kwenye sahani moja, mbele ya watu. Kwa kawaida hungojewa watoto wawe watatu. Mama anasema paja lake linahesabika kama wawili.

Zaina anasema shati halitoki kwenye kamba mpaka litolewe na mwenyewe. Amesema na mengine, ambayo atakuambia yeye, na usitegemee yote yawe matamu.

Ndani ya bahasha kuna uzi. Mama ameukata mwenyewe. Alisimama wima, akaukanyaga mwisho mmoja, akainua mguu kadiri unavyoinuka. Una mafundo mawili. Anasema: "Fundo la juu ndipo mguu wangu ulipokuwa ukifika zamani. Fundo la chini ndipo unapofika sasa. Hatua ya kwanza ya ngazi aiweke kwenye fundo la chini."

Ameweka dole lake hapa chini badala ya sahihi, na ameniambia niandike neno gani kando yake.

Shemeji yako,
Yunusi

Mama yako,
Mwantumu

*

Nachingwea
12 Agosti 1952

Kwa Mama, Mbekenyera. Yunusi amsomee.

Shikamoo, Mama. Sijawahi kukuamkia, na nimekaa na karatasi hii siku nzima kwa ajili ya neno hilo moja. Natumaini mguu hauumi asubuhi za baridi.

Uzi nimeupima. Fundo la juu ni inchi kumi na saba. Fundo la chini ni tisa na nusu. Nimeandika zote mbili katika daftari, chini ya tarehe 26 Februari, siku uliyoanguka, ambapo palikuwa wazi. Siku ile sikuandika kitu.

Ngazi imekwisha. Ina hatua tatu, ya chini iko inchi tisa na nusu. Imetengenezwa kwa lile bomba, lilikuwa bado liko nyuma ya karakana. Itakapofungwa, gari halitakuwa tena na kumi na sita. Likipita kwenye mawe ngazi inakunjwa juu kwa pini. Hilo nalo lilinichukua nusu saa kulifikiria, na ningelifikiria Desemba kama ningetaka.

Ninaondoka kesho. Kuna lori litakalonifikisha Ruangwa. Kutoka hapo nitatembea, ngazi nikiwa nimeibeba begani, kwa njia kubwa, si ya mashambani. Nitawakuta watu wengi wakiponda na kupepeta, nao wataniuliza ninabeba nini na ni ya nini. Nitasimama kwa kila anayeuliza. Ninataka wawe wamesikia kwangu kabla sijakaa mbele ya sahani ya kuku.

Gari Yunusi aliegeshe mbali na kichuguu.

Mwanao,
Mikidadi